Dawa za akili, mimba na kunyonyesha: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mama wa Mombasa

Mwanamke anayetumia dawa za akili akigundua ana mimba, mara nyingi jambo la kwanza ni kuziacha. Hamwulizi mtu. Pengine aona haya kurudi kliniki, pengine mavyaa amemwambia zitamharibu mtoto, au amesoma karatasi iliyo ndani ya pakiti akaingiwa na hofu. Wiki chache baadaye usingizi unakatika, ugonjwa unarudi, na sasa anahitaji dozi kubwa kuliko ile ya awali, labda dawa mbili badala ya moja, katika mimba ile ile aliyokuwa akiilinda.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na mume, mama na mavyaa wanaoishi naye. Haumpi mtu ruhusa ya kujibadilishia dawa. Kazi yake ni kukufikisha kwa daktari mapema, ukiwa wajua la kuuliza.

Jambo moja litajirudia humu. Kliniki ya akili na kliniki ya wajawazito ni milango miwili, na mara nyingi huku hawajui ya kule. Daktari wa akili hana habari kwamba una mimba ya miezi minne. Nesi wa kliniki ya wajawazito hajaiona kadi yako ya dawa. Habari zitawafikia wote wawili ukizibeba wewe.

Hatua ya 1: Kabla ya mimba

Kama watumia dawa ya akili na unaweza kushika mimba, zungumza na daktari kabla, hata kama huna mpango wa kuzaa mwaka huu. Kuna dawa moja inayolifanya jambo hili kuwa la lazima: valproeti, ambayo wengi huijua kwa jina la Epilim. Katika mimba zote, hata za wanawake wasiotumia dawa yoyote, watoto 2 au 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili. Mama akitumia valproeti idadi hiyo hufika kama 10 katika 100, mgongo wazi (uti wa mgongo usiojifunga vizuri) ukiwa miongoni mwa kasoro hizo. Tena watoto 30 hadi 40 katika kila 100 hupata shida ya ukuaji wa akili: kuchelewa kusema, kuchelewa kutembea, kupata taabu shuleni. Ndiyo maana mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye ugonjwa wa bipola, yaani hisia kupanda mno kisha kushuka mno, hapaswi kuanzishwa valproeti pakiwa na njia nyingine. Ikiwa unaitumia na hujawahi kuelezwa haya, nenda ukaulize wiki hii.

Kabamazepini, yaani Tegretol, nayo huongeza hatari ya mgongo wazi, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko valproeti. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi, na wako wanawake walioshika mimba wakiwa na kijiti kwa sababu hakuna aliyewaambia. Koili na sindano ya miezi mitatu haziathiriwi hivyo.

Asidi ya foliki ianze kabla ya mimba. Sehemu ya mtoto itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajui kama wana mimba. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku. Anayetumia valproeti au kabamazepini huandikiwa miligramu 5, na hiyo ni ya kuandikiwa na daktari.

Hatua ya 2: Umejua una mimba

Usizitupe. Endelea na dozi yako kama ulivyoandikiwa, urudi kliniki ndani ya siku chache bila kungoja tarehe iliyo kwenye kadi. Kama ni valproeti, nenda kesho asubuhi. Hata hiyo usiiache mwenyewe, hasa ukiwa umepewa kwa sababu ya kifafa, kwa kuwa degedege inaweza kumwua mama na mtoto.

Kuacha ghafla kuna madhara yake. Lithiamu, dawa ya bipola, ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi upesi kuliko ikipunguzwa polepole. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, ikiachwa ghafla baada ya matumizi marefu yaweza kuleta degedege. Fluoksetini na ndugu zake, yaani dawa za unyogovu, zikiachwa ghafla zaweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi, na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani.

Hapa mjini, kitengo cha akili kinachojulikana zaidi ni kile cha Port Reitz, upande wa Changamwe. Hospitali ya rufaa ya Coast General, ambayo wengi bado twaiita Makadara, ina madaktari wa akili na wa uzazi pia, na mimi huona hilo ni jambo kubwa kwa mwenye ugonjwa mzito. Ukiwa karibu na Tudor au Likoni, anzia hospitali iliyo karibu uombe barua ya rufaa. Hakikisha umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usingoje uchungu ukushike.

Hatua ya 3: Kusanya kila kinachoingia mwilini

Tia kwenye mfuko mmoja kila dawa unayotumia, uibebe na pakiti yake. “Ile nyeupe ndogo ya usiku” haimsaidii daktari. Yeye ataka jina na miligramu.

Sindano pia ni dawa. Mama anayechomwa sindano ya kila mwezi, kama vile Modecate, akiulizwa kama anatumia dawa hujibu hapana, kwa kuwa hamezi kitu. Sindano hiyo hukaa mwilini wiki nyingi na lazima itajwe.

Taja pia dawa za maumivu, mitishamba, sigara, pombe na muguka. Nesi akikemea, mwache akemee, lakini apate habari. Muguka na miraa hukata usingizi na njaa, na usingizi ukikatika ugonjwa wa bipola au wa kuona na kusikia yasiyokuwapo huamka. Na kama watumia ARV, yaani dawa za VVU, sema. Kabamazepini hupunguza dolutegraviri, moja ya ARV hizo, mwilini, na dozi huhitaji kubadilishwa ili mtoto asiambukizwe.

Sina neno na dua wala kusomewa. Wengi hupata utulivu humo. Lakini dawa ya kunywa ya chupa isiyo na jina haina kipimo kinachojulikana, na anayekuagiza uache dawa za hospitali hatakuwapo saa nane ya usiku ugonjwa ukirudi.

Hatua ya 4: Ijue dawa yako

Hapa ndipo watu hutaka jibu la ndiyo au la, na jibu hilo ni nadra. Daktari huweka mizani: hatari ya dawa upande mmoja, hatari ya ugonjwa usiotibiwa upande wa pili. Unyogovu mkali usiotibiwa nao huhusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, achilia mbali mama asiyekula, asiyeenda kliniki, anayewaza kujiua.

*Dawa za unyogovu na wasiwasi.* Setralini, fluoksetini na esitalopramu zimetumiwa na wanawake wengi sana wajawazito duniani, na kwa jumla hazijaonekana kuongeza sana kasoro za kuzaliwa. Paroksetini huwekewa tahadhari zaidi kwa sababu ya moyo wa mtoto. Zikitumiwa hadi mwisho wa mimba, kama mtoto mmoja katika watatu huwa na mtetemo, kulialia au kupumua haraka siku za kwanza, na kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Kuna shida nadra ya presha ya mapafu kwa mtoto mchanga, inayopanda kutoka kama 2 katika 1,000 hadi kama 3 katika 1,000. Amitriptilini, ambayo hospitali nyingi za umma hutoa, ni ya zamani na madaktari wana uzoefu nayo. Huleta choo kigumu na kizunguzungu cha kusimama, na mimba yenyewe huleta yote mawili.

*Dawa za ugonjwa wa kuona na kusikia yasiyokuwapo.* Haloperidoli na klopromazini zina miaka mingi, na hazijaonekana kuongeza sana kasoro. Olanzapini na kwetiapini vivyo hivyo, ila hunenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo omba kupimwa sukari mapema, na tena kati ya wiki ya 24 na 28. Risperidoni yaweza kupandisha homoni ya maziwa na kuzuia hedhi. Ukibadilishwa kutoka risperidoni kwenda dawa nyingine, uwezo wa kushika mimba waweza kurudi ghafla. Anayemeza benzheksoli ya kuzuia kukakamaa amwulize daktari kama bado anaihitaji.

*Lithiamu.* Hii yataka uangalizi kuliko nyingine zote zilizobaki. Katika miezi mitatu ya kwanza huongeza kidogo hatari ya kasoro za moyo, na hatari huzidi dozi ikiwa juu ya miligramu 900 kwa siku. Kwa mwanamke aliyewahi kulazwa mara kwa mara kwa bipola, na ambaye lithiamu ndiyo iliyomtuliza, daktari aweza kuona ni bora aendelee nayo. Mimba ikikua, figo huitoa dawa upesi zaidi na kiwango chake kwenye damu hushuka, basi hupimwa kila mwezi, na kila wiki kuanzia wiki ya 36. Mtoto akishazaliwa figo hurudi zilivyokuwa, na dozi iliyokuwa sawa jana inageuka kuwa nyingi.

Joto letu la kaskazi lina uzito hapa. Mwili ukikauka kwa jasho, kutapika au kuharisha, lithiamu hupanda hadi kuwa sumu. Dalili ni mikono kutetemeka sana, kuharisha, kuyumba kama mlevi na ulimi kuwa mzito. Ukiziona, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwezi wa Ramadhani, usifunge ukiwa na lithiamu bila kuzungumza na daktari. Mwenye mimba na anayenyonyesha wana ruhusa ya kula wakihofia nafsi zao au mtoto, na hofu hii ina msingi.

*Lamotrijini.* Hutumiwa kwa bipola na kifafa, na kwa mimba ni miongoni mwa dawa bora za kundi hilo. Nayo kiwango chake hushuka mimba ikikua.

*Diazepamu na za usingizi.* Dozi chache kwa dharura ni jambo moja, kumeza kila usiku kwa miezi ni jingine. Zikitumiwa karibu na kujifungua, mtoto aweza kuzaliwa amelegea, hapumui vizuri, hanyonyi. Usinunue dukani bila cheti.

Hatua ya 5: Mazungumzo na daktari

Foleni ni ndefu na dakika ni chache, kwa hiyo andika maswali nyumbani. Haya ndiyo ningetaka dada yangu ayaulize:

- Nikiacha dawa hii, kwa historia yangu, ugonjwa una nafasi gani ya kurudi?
- Kuna dozi ndogo inayonitosha, au dawa moja badala ya mbili?
- Kama ni ya kubadilishwa, nibadilishe sasa au nisubiri?
- Nitaweza kunyonyesha nayo?
- Nani atakayenipima na kunifuatilia hadi baada ya kujifungua?

Swali la nne liulizwe sasa hivi. Kumbadilishia mama dawa baada ya kujifungua, wakati mwili na akili viko katika kipindi kigumu kuliko vyote, ni kumtia hatarini. Na kama dawa iliyokuponya yajulikana, daktari mzuri hatakimbilia kukuhamisha kwenye mpya eti kwa sababu una mimba. Mtoto atakuwa amepitia dawa mbili, na ya pili huenda isikufae.

Hatua ya 6: Kliniki ya wajawazito

Mwambie nesi siku ya kwanza, uombe majina ya dawa na dozi yaandikwe katika kitabu cha kliniki. Najua kinachowazuia wengi. Kitabu hicho hukaa juu ya kabati, shemeji na jirani hukifungua. Basi omba yaandikwe majina ya dawa peke yake, bila jina la ugonjwa, au ubebe kadi ya kliniki ya akili uionyeshe kila mara. Lisilofaa ni kunyamaza, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, hapa Pwani mjamzito hupewa SP kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne. Asidi ya foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Tembe ya kawaida ya kliniki, yenye madini ya chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400, haina shida hiyo. Mama aliyeandikiwa miligramu 5 na kliniki moja, na kupewa SP na nyingine, huenda amebaki bila kinga ya kutosha ya malaria na hakuna anayejua.

Pili, ukitapika sana utapewa metoklopramidi, ile Plasil. Pamoja na haloperidoli au sindano ya mwezi, yaweza kukukakamaza shingo na taya. Kuna dawa nyingine za kutapika, nesi akijua atachagua.

Tatu, dawa za maumivu. Brufen na diklofenaki hupandisha lithiamu, na diklofenaki ni dawa ya kawaida baada ya upasuaji wa kujifungua. Hili lazima lijulikane kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

Omba skani ya kina kati ya wiki ya 18 na 22, hasa kama ulitumia valproeti, kabamazepini au lithiamu mwanzoni.

Hatua ya 7: Kujifungua

Zalia hospitali. Mkunga wa nyumbani aweza kuwa na mikono myepesi kuliko mtu yeyote, lakini hana vifaa vya kumsaidia mtoto aliyezaliwa akipumua kwa shida. Weka dawa zako kwenye mfuko wa hospitali pamoja na leso na nguo za mtoto, maana wodi ya wazazi huenda haina dawa yako. Anayetumia lithiamu aulize mapema afanye nini na dozi uchungu ukianza. Ukikaa Likoni au Mtongwe, panga usafiri wa usiku kabla. Kwenda upande wa Port Reitz sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, huhitaji kungoja feri.

Usiharakie kutoka. Omba mtoto aangaliwe angalau siku nzima, zaidi kama ulitumia dawa hadi mwisho: anapumua vipi, ananyonya, anatetemeka, amelegea.

Hatua ya 8: Kunyonyesha

Mama wengi huambiwa wachague moja, dawa au titi. Kwa dawa nyingi uchaguzi huo haupo. Dawa nyingi za akili hufika kwenye maziwa kwa kiasi kidogo kuliko kilichompitia mtoto tumboni. Wataalamu hupima dozi inayomfikia mtoto wakilinganisha na ya mama kwa uzito wa kila mmoja, na chini ya asilimia 10 kwa kawaida huhesabiwa kukubalika kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi. Setralini iko chini sana ya hapo, ndiyo hupendelewa. Amitriptilini pia huingia kidogo. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, basi mtoto mchanga huangaliwa zaidi, lakini kama ndiyo iliyokufaa katika mimba, mara nyingi huendelea.

Valproeti na kabamazepini, ambazo ni tatizo katika mimba, huingia kidogo kwenye maziwa. Klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa wa kuona na kusikia yasiyokuwapo, kinyume chake haishauriwi kwa anayenyonyesha. Lithiamu hupita kwa wingi, na madaktari wengi huikataa au huitaka damu ya mtoto ipimwe. Lamotrijini nayo hupita kwa kiasi cha kutosha, hivyo mtoto achunguzwe vipele na kupumua. Diazepamu hujikusanya na kumlaza mtoto.

Kwa dawa ya mara moja kwa siku, meza mara tu baada ya kumnyonyesha, kabla ya usingizi wake mrefu. Huhitaji kukamua na kumwaga. Muhimu ni kumtazama mtoto: akilala hadi haamki kunyonya, akilegea, akikataa titi, akiwa wa manjano au haongezi uzito, mpeleke na useme dawa unayotumia. Mtoto njiti au mgonjwa ataka ushauri wa daktari wa watoto kabla.

Kama dawa yako hulewesha usingizi, usilale na mtoto kitanda kimoja. Mama, dada au mume amlete kunyonya na amrudishe mahali pake chini ya neti. Na ikiwa daktari amesema usinyonyeshe, basi maziwa ya kopo na mama mzima ni malezi kamili. Asije mtu kukusuta.

Hatua ya 9: Arobaini

Desturi yetu ya arobaini, mama kukandwa, kupikiwa na kupumzishwa, ina faida kubwa ikitumika vizuri. Iwekeni kwenye usingizi. Mwenye bipola anahitaji saa kadhaa za usiku bila kukatizwa, hata kama maana yake ni mtoto kupewa maziwa yaliyokamuliwa. Wageni wapunguzwe.

Machozi na hisia kupanda na kushuka siku ya tatu hadi ya tano huwapata wengi, na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi wiki mbili, mama akawa hana hamu, hali chakula, anajiona hafai, huo ni unyogovu na unatibika. Rudi kliniki. Katika kliniki ya wiki sita useme unavyojisikia hata kama wanaulizia chanjo tu, na uulize kama dozi zilizopandishwa wakati wa mimba zimeshashushwa.

Kuna hali isiyongoja kliniki: kurukwa na akili baada ya kujifungua. Huwapata mama 1 au 2 katika 1,000 waliojifungua, lakini kwa wenye bipola ni kama mmoja katika watano, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali na wala hachoki, anasema mfululizo, anachanganyikiwa, anaona mtoto si wake au ana jini, anasikia sauti, au anasema atajidhuru au atamdhuru mtoto. Msianze kubishana ni mashetani ya nani. Mama asiachwe peke yake hata dakika, mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine, na apelekwe hospitali usiku huo huo. Anayehitaji kuzungumza na mtu kwanza aweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Bebeni kadi yake, dawa zake zote na kitabu cha kliniki, na mwende na mtoto pamoja na ndugu wa kumshika, ili mama akilazwa pawe na mtu wa kumleta anyonye pale daktari atakaporuhusu.